Picha ya Gauni Lililogoma Kufungika

Shoga, nakuandikia bado nacheka. Sasa hivi walikuwa wanarushiana maneno mlangoni kwa fundi. Muuguzi wa ghorofa ya juu anafoka: "Futa! Wifi yangu yumo humo kwenye kundi. Akitoka kazini akaiona, ukoo mzima umeiona!"

Fundi cherehani wetu anajitetea: "Jirani, si mimi, ni mtoto!"

Mtoto! Wa miaka sita!

Sikia sasa. Kompyuta pale kwa fundi ni moja: ya kazi, ya katuni, ya WhatsApp. Fundi kutwa anatutambia nywila yake ngumu. Ngumu kweli, ila kila akiichapa anaitamka kwa sauti, herufi moja moja, kama anaita mahudhurio. Binti yake kaishika.

Leo kaifungua mwenyewe, kakuta picha ya muuguzi akijaribu gauni analoshonewa, zipu imegoma katikati ya mgongo. Kaitupa kwenye kundi la wapangaji wote. Na vikopa vya mapenzi juu!

Wapangaji wote, shoga. Na mwenye nyumba yumo.

Fundi kashika kipanya, jasho linamtiririka. Hajui aguse wapi. Mara ya kwanza nusura aitume tena! Muuguzi naye hajui. Mwisho wakamgeukia binti, sauti zimelainika:

"Mwanangu, unajua kuifuta kwa watu wote?"

"Najua. Lakini sijala."



Fundi kamwangalia muuguzi, muuguzi kaangalia saa. Halafu mwenye nywila ngumu akavuta viti viwili, adabu tele:

"Ingia basi, jirani. Karibu tule, bosi ana njaa."