Namba Moja wa Mlango wa Stoo

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Leo nakuamkia nikiwa nimekaa, jambo ambalo ungenikemea mbele ya timu nzima, lakini goti la kulia halitaki kunyooka siku za mvua, na hapa Johannesburg imenyesha tangu adhuhuri, mvua ya mawe na radi. Mechi ya leo imeahirishwa. Nimejibanza kwenye chumba cha vifaa, nimekalia ndoo niliyoigeuza, naandika kwenye daftari la kazini. Ni mimi Mwanahamisi wa Chumbageni, uliyeniita Namba Moja mpaka wenzangu wakasahau jina nililopewa na wazazi.

Huu ni mwezi wa tatu tangu ututoke. Sikuja kukuzika. Watu wa nyumbani niliwaambia nimenyimwa ruhusa kazini, wakanionea huruma. Ukweli ni kwamba karatasi zangu zilikwisha muda zamani sana, na nikivuka mpaka sitaruhusiwa kurudi huku kwa miaka. Kwa hiyo nilikuzika kwa simu. Neema, mwenzetu wa timu, alishika simu yake juu, nikaliona jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, linapita juu ya vichwa vya watu. Mkono wangu mwingine ulikuwa kwenye bomba. Uwanja wa mpira wa magongo wa huku ni nyasi bandia, haupigwi mpira mpaka uloweshwe kwanza, na timu mbili zilikuwa zimesimama pembeni zikinisubiri nimalize. Nikalia huku namwagilia. Hakuna aliyegundua, maana nilikuwa nimelowa mwili mzima.

Basi nimeshasema. Kazi yangu ni kumwagilia uwanja, Mwalimu. Nafagia vyumba vya kubadilishia nguo, nafua jezi, naokota chupa. Sichezi. Nina miaka sita sichezi.

Najua unautafuta mlango wako kwa macho. Ule mlango wa stoo ya vifaa pale chuoni, ulipoandika majina yetu kwa rangi ya mafuta, kumi na mawili, kutoka juu kwenda chini. Kila Idi Pili wasichana wa zamani tulirudi kucheza na wasichana wapya, na baada ya mechi ulileta kopo la rangi na brashi, tukakuzunguka na vikombe vya kahawa na halua, tukibishana kama wanawake wa gengeni. Sheria ilikuwa yako na haikuwa na rufaa. Anayelipwa kwa kucheza yuko juu. Akifuata aliyechezea nje ya nchi. Akifuata anayefundisha mchezo. Waliobaki wote chini, hata wawe hodari namna gani. Mwenzetu Tatu, aliyefungua duka la vifaa vya michezo alidai naye ahesabiwe, kwa kuwa anakula kutokana na magongo. Ukamwambia, "Kuuza jembe si kulima," ukamwandika wa kumi. Na Mwanaidi, aliyekuwa akinipiga chenga mpaka naomba maji, ulimwandika wa tisa kwa sababu alikwenda kufundisha shule ya msingi Pangani. Aliutazama mlango, akacheka, akanywa kahawa yake. Mimi nilimwonea aibu. Sikumtetea, kwa sababu mimi nilikuwa juu, nimekwisha kupata klabu ya huku.

Mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Nataka uamini hilo. Klabu ya huku ilinipa chumba na posho, alasiri nifundishe watoto wa shule, Jumamosi nicheze. Ile picha uliyoibandika kwenye ofisi ya walimu, nikiwa na gongo begani, ilikuwa ya kweli. Mechi ya kumi na moja goti likageuka upande usio wake. Klabu ilinitibu, siwezi kuwasema vibaya, lakini chumba kikapewa mchezaji mwingine, na mimi nikaulizwa kama naweza kutunza uwanja. Nikakubali nikijua ni kwa muda tu. Nikahamia mtaa wa La Rochelle, chumba cha uani, dirisha lina nondo na ufunguo wa geti anao mwenye nyumba.

Nilipanga kukwambia. Wiki ile ile ukapiga simu wewe. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Namba Moja, mwaka huu wasichana ishirini wamejiandikisha kwa ajili yako." Nikasikia unavyotabasamu. Ukauliza, "Jumamosi umefunga mangapi?"

Nikasema mawili.

Tangu siku hiyo hukuwahi kukosa habari za magoli. Yalifungwa kweli, Mwalimu, ila na msichana mmoja wa hapa mwenye mguu mrefu, ambaye hajui kwamba Tanga alikuwa anashangiliwa. Nilisimama pembeni na ndoo yangu, nikayahesabu, jioni nikakusimulia jinsi golikipa alivyolala upande mbaya. Jezi zao nilizivaa kabla sijazifua, nikajipiga picha uwanja ukiwa mtupu. Nikijiuliza kwa nini, nilikuwa najiambia mzee ana sukari, ana presha, habari mbaya zitamuua. Siku nyingine nilikuwa mkweli zaidi na kujiambia kwamba nilipenda unavyolitamka lile jina.

Uongo huo ulinibana kidogo kidogo. Nikawa siwezi kurudi nyumbani kwa kuwa ningerudi nachechemea. Siwezi kubadilisha kazi kwa kuwa nahitaji kuwa karibu na uwanja ili nipate cha kusimulia. Watanzania wa mtaa wa Bertrams nikawakwepa hata kwenye futari, nikihofia mtu wa Tanga anitambue na buti zangu za mpira. Mtu mzima nilikuwa nazunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya duka la Mzanzibari. Nilinaswa, na mtego niliutega mwenyewe.

Nilidhani kifo chako kitanifungua. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini nilidhani hivyo, na nilijichukia kwa kudhani.

Badala yake, siku ya arobaini yako, baada ya khitma, wenzangu waliubeba mlango. Chuo kinajenga stoo mpya, mafundi walikuwa wameutupa nje. Waliuleta mpaka nyumbani kwako, wakauegemeza ukutani sebuleni, mkeo akaufunika kanga mpya. Neema akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba, kwa kuwa Mwalimu hayupo, brashi sasa ni ya Namba Moja. Mimi ndiye nitakayepanga majina Idi ijayo, wao watapaka. Wote wakaitikia amina. Nikakaa kitandani nimeshika simu, nikiwaza kwamba hata ukiwa kaburini bado unaniandika juu.

Hapo ningeweza kuvumilia. Lakini kuna Zuhura.

Kitinda mimba wako alisubiri ajira ya ualimu miaka minne, akikaanga vitumbua na mama yake. Mwezi huu jina lake limetoka. Amepangiwa shule ya msingi Kilindi, na kama uijuavyo serikali yetu, ni siku kumi na nne kuripoti, usipofika nafasi anapewa mwingine. Badala ya kufurahi akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada Mwana, nimeamua, ajira naiacha. Baba alisema nikimaliza chuo niende kwa Namba Moja anitafutie klabu. Neno la marehemu sitalivunja. Nakata tiketi ya basi." Baada yake ukaja ujumbe wa mama yake. "Mwanangu, huyu ndiye niliyebaki naye. Nakukabidhi. Mlee kama mwalimu wako alivyokulea wewe."

Mwalimu, nilivyolelewa na wewe nakumbuka. Baba yangu aliponikataza kucheza nikiwa na kaptura, ulikuja kukaa barazani kwetu siku tatu mfululizo baada ya Alasiri, mpaka akakubali nivae suruali ndefu na mtandio. Nilipofika uwanjani kwa aibu, nikakuta timu nzima, hata Neema ambaye ni Mkristo, imevaa suruali ndefu. Uliwaamuru, na hukunieleza kitu. Ni mtu huyo niliyekuwa namdanganya kila Jumamosi.

Siku nne sikujibu. Nilitafuta mlango wa uani wa kutorokea. Niliwaza nimwambie Zuhura klabu imefungwa. Niliwaza nimwambie goti limeumia juzi tu. Niliwaza aje, nimfiche La Rochelle, tukafue jezi wote wawili na kumtumia mama yake picha zetu wawili ndani ya jezi za watu. Hilo la mwisho nililipigia hesabu hadi nikajua atalala upande gani wa kitanda, ndipo nikaogopa nafsi yangu.

Jirani yangu wa uani ni Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, mtu wa kanisa, mdomo hauna breki. Alinikuta nimesimama karoni na maji yanamwagika, akanivuta hadi alipokuwa anamsuka mteja. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza nikamweleza binadamu. Alinisikiliza akifunga rasta za mteja, wala hakusimamisha mikono. Akasema, "Eish, dada. Ule baba alishakufa, hawezi tena kukukasirikia. Sasa unaogopa mufu, na ule mutoto mwenye kuishi unamuacha apoteze kazi?" Mteja wake, ambaye sijawahi kumwona, akatikisa kichwa kukubali.

Nilimrekodia Zuhura sauti Jumapili asubuhi, nimesimama katikati ya uwanja. Nilitaka kuanza kwa kuzunguka, nikashindwa. Nikasema, "Zuhura, mimi si mchezaji. Niliacha baada ya mechi kumi na moja. Nenda Kilindi." Nikaongeza picha, nina buti za mpira na bomba mkononi, na jezi chafu zimerundikana nyuma yangu. Alama zikageuka buluu, nikajua amesikiliza.

Aliyejibu ni mama yake, saa sita mchana. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema, "Hukumwambia mwenyewe akiwa hai, ukaona umwambie mwanawe akiwa na msiba?" Akakata simu.

Habari zilipofika kwenye kundi ilikuwa kama umechokoza nyuki. Neema alikwenda nyumbani kwako na kisu cha jikoni, akalikwangua jina langu, akapiga picha ubao mweupe uliobaki. Tatu akaandika kwamba kumbe miaka yote hii yeye na duka lake alistahili kuwa juu yangu, na kwa sheria zako, ana haki. Wengine walitoka kundini. Mmoja tu ndiye aliyepiga simu, Mwanaidi wa Pangani. Nilipokea nikijikunyata. Aliniuliza, "Umekula?"

Nikalia, Mwalimu, kuliko nilivyolia siku ya jeneza. Na katikati ya kulia nikakukasirikia. Acha niseme, kwa kuwa leo nimeamua kusema. Miaka sita ulinipigia kila wiki na hukuwahi kuniuliza kama nimekula. Uliniuliza nimefunga mangapi. Ulitupanga kwa kazi tulizopata kana kwamba sisi ni mbuzi wa mnada, na wa tisa wako ndiye peke yake aliyebaki mtu. Nilidanganya, dhambi ni yangu na nitaulizwa mimi. Lakini ulipaka rangi mapema mno, na hukuacha nafasi ya mtu kushuka bila kuanguka.

Nakupenda pia. Vyote viwili vimo, na sijui kuvitenganisha.

Jana ilikuwa siku ya kumi na nne. Mwanaidi ameniambia Zuhura aliripoti asubuhi, akiwa na begi la nguo na vyeti vyake, akasaini. Amepewa darasa la pili, watoto tisini. Mimi hajanitafuta, na namba yangu ameifungia. Sauti yake sitaisikia, pengine kwa muda mrefu, pengine milele, na mama yake ameagiza nisitume hata salamu za Idi. Hapa kwangu hakuna lililobadilika. Geti la uwanja linafunguliwa kwa rimoti ambayo sipewi, dirisha langu bado lina nondo, karatasi bado hazina uhai, na Jumamosi ijayo mvua ikikatika nitamwagilia. Tofauti ni kwamba juzi niliingia kwenye duka la Mzanzibari Bertrams kununua tende, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akanipimia tende.

Lala salama, Mwalimu. Mungu akupanulie kaburi, na uliyotuudhi nayo, kila mmoja wetu akusamehe. Sijui ni lini watanifungulia njia ya kurudi, wala kama nitakuwa na nauli ya ujasiri siku hiyo. Lakini nakuahidi kwamba nikishuka Tanga, nitakuja kwako kabla sijafika kwetu. Sitavaa jezi ya mtu. Nitakaa chini kando yako, goti likiniruhusu, na nitakueleza kwa mdomo wangu mwenyewe kazi ninayofanya.

Mwanafunzi wako,
Mwanahamisi