Mchanga wa Tsunami na Mtaro Wetu wa Ekerenyo

Tata mpendwa,

Ungekuwepo leo, wewe baba yangu, ningekupigia simu na kukutoboa masikio kwa vigelegele. Kwa kuwa hupo, nakuandikia, huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Unakumbuka zile Jumamosi za mvua, tukitoka kanisani? Siku ya Sabato hukushika jembe kamwe, ila ulinivuta moja kwa moja hadi kwenye mtaro wetu pale kijijini Ekerenyo, uliokinga majani chai yetu na maji ya mlimani. "Kutazama si kazi," ulimwambia mama, naye akiguna kwa kuona viatu vyangu vya kanisani vikizama matopeni. Ulichuchumaa, ukanionyesha ukuta wa mtaro: mchanga mzito chini, tope laini juu, kisha mchanga tena. Kila mvua kubwa iliacha tabaka lake. Maji yakichoka, ulisema, hutua kwanza kile kizito.

Jumapili uliuzoa udongo ule, ukautupa upande wa juu. Siku moja nikakimbilia lundo hilo na kutangaza kwa majivuno kwamba tope ndilo limetangulia, mchanga ukafuata. Ulicheka hadi ukaegemea mpini. "Wewe Kerubo! Hiyo nimegeuza na koleo, imelala kichwa chini!" Nilinuna mpaka chai ya jioni.

Sasa sikia. Nasomea tope la sakafu ya bahari, kazi ambayo majirani bado wanadhani ni uvuvi. Tsunami ikipiga pwani hairudi mikono mitupu. Inakokota mchanga wa ufuoni, majani na udongo wa nchi kavu, inavimwaga huko mbali chini ya maji, juu ya tope lililotulia. Nchi kavu, alama zake hufutwa na mvua na majembe. Kule kilindini, tope jipya huzifunika, zikabaki. Sisi tunazamisha bomba refu, tunalichomoa likiwa limejaa, tunalipasua kwa urefu na kusoma.

Wiki iliyopita, hapa Mombasa, bomba langu lilifunguliwa mbele ya maprofesa. Miaka yangu yote ya masomo ilikuwa humo. Katika tabaka langu, tope laini lilikuwa chini na mchanga mzito juu. Mkuu wao akatikisa kichwa: hii si tsunami, kazi irudiwe upya. Unajua nilivyo mwoga wa kusema mbele ya watu. Kisha nikaliona lile lundo lako la Jumapili, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Bomba limelazwa kichwa chini!"

Wakatafuta mshale wa alama unaoonyesha upande wa juu, wakaukuta umefichwa na utepe. Kweli tulikuwa tumeligeuza. Walipoliweka sawa, mchanga mzito ukawa chini, laini juu, na vipande vya majani ya mikoko katikati, mbali kabisa na ufuo. Kazi yangu imepita, Tata! Nitaitwa daktari, ingawa siwezi kutibu hata mafua. Nina furaha isiyo na kifani, na nakukosa sana.

Profesa mmoja mgeni aliniuliza nani alinifundisha kusoma matabaka. Nikasema baba yangu. Akauliza anafundisha chuo gani.

"Ekerenyo," nikajibu.

Akaliandika jina hilo kwenye daftari lake, akasema hajawahi kulisikia, lakini bila shaka ni chuo kizuri. Sikumsahihisha.

Pumzika vyema, mwalimu wangu.

Binti yako,
Kerubo