Neno Alilosikia Adau

Jumanne, 3 Juni 2008

Nimepewa! Mchungaji Mugisha amenipa kuongoza sifa Jumapili. Mimi, Kerubo wa mapokezi! Nusu saa nzima, maikrofoni mkononi mwangu. Miaka miwili nimepiga makofi mstari wa nyuma katika hema la kanisa letu hapo mtaani Buluk — sasa watanijua. Awino, kiongozi wetu, yuko likizo Kisumu. Mchungaji anasema hema likichangamka, nitapata zamu kila mwezi. Likipoa, basi. Nimeimba kutwa kaunta ya hoteli hadi mgeni akaniuliza kama naolewa.

Alhamisi, 5 Juni

Namhitaji Adau wa dobi hapa hotelini, aliyerudi kwao huku kusini kutoka Khartoum. Ana vigelegele huyo — jamani! Kwenye harusi ya mpishi wetu masikio yalizibika. Lakini kanisani, miezi mitatu sasa, kichwa chini, machozi tu. Nimemfuata kwenye kamba za shuka. Nikamwambia Jumapili nikisema "Bwana asifiwe", apige.

Akanishangaa. "Sasa mtu naomba msamaha na vigelegele?"

Msamaha gani?

Kumbe! Kwa Kiarabu, "asif" ni samahani. Siku zote anasikia "Bwana, asif"! Nimecheka hadi nikashika kamba. Nikamweleza: ni sifa, dada, tunamsifu Mungu! Hakucheka.

"Mimi iko nakuja kanisa juu ya hiyo neno." Akaendelea kuanika.

Ijumaa, 6 Juni

Mdomo wangu huu! Leo kanieleza. Mama yake alikuwa mgonjwa Khartoum. Meli ya kurudi huku kusini ilikuwa na nafasi moja, akapanda, akamwacha. Mama akafa wiki ya pili. Hajawahi kuona watu wakimwomba Mungu msamaha hivyo, wote pamoja, kwa sauti, na huku wanatabasamu. Alidhani wanasamehewa papo hapo. Anasema Jumapili haji. Nimemwibia neno lake, nami nilitaka tu vigelegele. Najionea aibu.

Jumapili, 8 Juni

Naandika benchi la mbele, ibada inaendelea! Nisipoandika nitapasuka. Amekuja! Nilikuwa wimbo wa tatu, hema limewaka, jasho tupu. Nikapaza, "Bwana asifiwe!" — nikamwona mlangoni. Sauti ikanikatika hapo hapo kwenye "asif". Adau akaja mbele moja kwa moja, akanichukulia maikrofoni.

"Rabuna, ana asif."

Bwana, samahani. Watu wetu kwa mazoea wakanguruma: "Amen!" Akasema tena. "Amen!" Mara ya tatu akatupa kichwa nyuma — vigelegele! Turubai lilitikisika! Nikaketi, nikatoa daftari. Kina mama wa mtaa wa Sherikat, wengine wamepiga magoti, wengine wanaruka. Hakuna anayejua ni toba au ni sifa, na hakuna anayeuliza. Nalia, nacheka.

Mchungaji ananionyesha saa. Ananionyesha maikrofoni, nikaichukue. Nimebakiwa na dakika kumi, na nyimbo zangu zote nzuri bado. Adau anavuta pumzi tena. Mchungaji anapunga mkono — Kerubo!

Najifanya simwoni. Naandika.