Nafasi Iliyoachwa Kando Yako

Baba Njeri,

Jumamosi Njeri alikuja kutoka Ruiru na jembe jipya ndani ya gari. Aliteremka mpaka mwisho wa shamba, pale ulipolala, akang'oa magugu na kupunguza majani ya nepia yaliyokuwa yameanza kukufunika. Aliporudi alinawa, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akasema bila kuniangalia, "Mami, pale kando ya Baba tumepaacha wazi." Alisema kama mtu anayetaja kiti alichomwekea mgeni. Sikumjibu. Mapafu yangu siku hizi yananipa sababu ya kunyamaza wakati wowote nitakao. Jibu langu ni hili, na nakuandikia wewe kwanza kwa kuwa linakuhusu.

Unakumbuka mlango wa darasa langu kule Thika? Nilikuwa nikifundisha hesabu za biashara katika kile chuo kidogo juu ya duka la mabati, nawe ulikuwa ukituletea walimu mikate ya chai. Siku moja ulisimama mlangoni na kreti begani wakati nachora mstari mnyoofu ubaoni. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mstari wa namna hiyo unatakiwa kuujua kwa mambo mawili tu, unaanzia wapi na mteremko wake ni mkali kiasi gani. Ukishayajua hayo, umeujua wote. Ukauliza mbele ya darasa zima, "Sasa Mwalimu, huo mstari unaenda wapi?" Nikasema unaenda tu, hauna mwisho. "Basi ni kama mimi na wewe," ukasema, na darasa likaangua kicheko. Nilikufukuza. Jioni ulinisubiri chini ya ngazi na mkate uliofungwa kwa gazeti. Ulisema ni nyongeza.

Niliula mkate ule wote nikiwa nimesimama. Sijawahi kula mwingine kama huo, na sikunyimi sifa hiyo.

Tulipooana na kufungua bekari Kiganjo, chuo kilifungua tawi Ruiru, kikanitaka nikasimamie idara ya hesabu. Nilikuwa nimeshashonesha suti ya buluu. Ukasema mke wa mzee wa kanisa hawezi kushinda Ruiru huku mume wake anakanda unga peke yake. Nilikuomba unipe dakika chache. Nilichukua kipande cha mkaa, nikakuchorea mistari miwili nyuma ya mlango wa jikoni pale bekari. Wa mauzo ulianzia sifuri, kwa kuwa asiyeuza hapati kitu. Wa gharama ulianzia juu kidogo, kwa ajili ya kodi ya chumba, ambayo hulipwa hata tanuri likiwa baridi. Kwa biashara nzuri hilo si neno. Mauzo huwa na mteremko mkali zaidi, hivyo hupanda mpaka huipata gharama na kuipita. Yetu ilikuwa kinyume, kwa sababu ya nyongeza yako. Unga ulipanda bei, wewe hukupandisha ya mkate, na bado kila kreti iliyotoka ilitoka na mkate wa bure juu yake. Ulidhani nyongeza ni kama kodi, kitu kidogo unacholipa kikaisha. Lakini ilitembea na kila kreti. Ilikaa ndani ya mteremko wenyewe.

Ulitazama mlango, ukacheka. "Basi tutauza zaidi, Mama Njeri. Mkate mmoja ukituumiza, mingi itatuponya."

Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekueleza kwamba mistari ya namna hiyo kadiri unavyokwenda nayo mbele ndivyo inavyozidi kuachana. Mimi niliivua ile suti.

Ulichofanya baadaye ndicho kilichoniganda kifuani kabla ya ugonjwa huu. Uliuacha ule mchoro mlangoni ili wateja wauone. "Huyu bibi yangu ana digrii ya mistari," ulikuwa ukiwaambia, "lakini mistari hailiwi." Mama Akinyi wa duka la kona alikuwa akiegemea kaunta na kusema, "Mwalimu, wachia mzee aongeze. Hata Mungu huongeza." Nyote mlicheka, na mkono wako ulikuwa tayari kwenye mkate wa juu. Hukuwa mkarimu, Baba Njeri. Mkarimu hutoa kilicho chake. Wewe ulimpa Mama Akinyi darasa langu, kipande baada ya kipande, naye akakuombea baraka.

Bekari ilipofungwa tukahamia hapa Murera. Watu wa kanisa walikuja kutupa pole, nawe ukawaambia Kiganjo kuna husuda nyingi.

Ulipokuwa umelazwa, siku moja ulifungua macho ukauliza polepole, "Mwalimu, ile mistari ilikuwa ikutane wapi?" Nilikuambia ulale. Nilikuwa nalijua jibu. Nilisubiri useme neno moja zaidi, lile ambalo lingefanya nikushike mkono. Ukageukia ukutani.

Kwenye mazishi yako nilisimama mbele ya Njeri na watu wote nikasema niliacha kufundisha kwa hiari yangu, kwa kuipenda kazi ya mume wangu. Wakapiga makofi. Huo ulikuwa uongo, na Njeri amelelewa nao mpaka sasa ana watoto. Sitaki kuzikwa nao. Sikuacha. Niliachishwa, na sijakusamehe. Mchungaji huniuliza kila akija na sakramenti, nami huitikia kwa kichwa ili asiikawize chai.

Lile jibu nakupa sasa. Ile mistari ilikutana upande wa kushoto wa sifuri, kabla ya mkate wa kwanza, kabla hata tanuri halijawashwa. Kwa hesabu ni mahali halali kabisa, ila hakuna biashara inayofika huko. Nimeshafika huko mara nyingi nikiwa hapa kitandani. Pana mlango wa darasa, na kijana mwenye kreti begani. Nilimpenda sana kijana yule. Na mistari minyoofu miwili ikishakutana mara moja, haikutani tena.

Njeri atakaporudi nitamwambia anizike huku juu karibu na lango, ambapo mtu huona magari yakielekea Ruiru. Nitamwambia pia ni kwa nini. Atalia, kisha atauliza watu watasema nini. Waseme.

Pale kando yako pabaki wazi. Wewe uliyependa kuwaongezea watu kisicho na bei, hiyo nafasi ndiyo nyongeza yako.

Lala, Baba Njeri.

Mimi mama wa binti yako,
Mwalimu.