Nusu Saa ya Mchana na Chumba cha Mama

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 12 Agosti.

Mpendwa Kidole Kimoja,

Ndiyo, bado nitakuita hivyo, ingawa siku hizi unaandikia kompyuta mifumo yake kwa vidole vyote kumi. Hujambo huko? Kile kikohozi kimekuachia? Huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, na wapwa zako wanarefuka hadi viatu vinatushinda.

Umeniuliza mara tatu kama nimekifungua chumba cha Mama, maana ukija likizo unataka kulala humo. Mara zote nimekujibu sina nafasi. Nilikuwa nakukwepa, mdogo wangu. Humo mna chupa ya dawa ya presha niliyomhesabia mimi mwenyewe, vidonge thelathini, kimoja kila asubuhi. Sikuwahi kumuuliza kama anameza. Kazi zilinibana, na baadaye nikaogopa kuikuta imejaa.

Ngoja kwanza nikupe ya kazini, utaona yanakoelekea.

Ile kompyuta ya dirisha la dawa niliyokulalamikia imepona. Uliponiuliza huwa inafanya nini wagonjwa wasipokuwapo, nilikujibu kwa maringo kwamba haikai bure hata dakika. Sikukwambia kwa nini. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Saa, hapendi kuona mtu wala kitu kimekaa. Basi nilikuwa naiwashia ripoti ya ghala ijirudie yenyewe kutwa nzima, ili akipita aone kioo kinachezacheza. Ikifika saa kumi, foleni iko mlangoni, mashine inaganda, na watu wananitazama kama nimewaibia.

Maelezo uliyonitumia baadaye niliyasoma mara mbili. Kumbe kazi ikiisha, huacha makombo yake kwenye kumbukumbu ya mashine, na kazi nyingine haipewi nafasi ile mpaka ifutwe. Na mfutaji ndiye mwenye cheo cha chini kuliko wote: anapata zamu pale tu prosesa, ule ubongo wa mashine, inapokosa la kufanya. Mimi nikamnyima zamu tangu asubuhi hadi jioni. Saa kumi hapakuwa na nafasi safi ya akiba, ikabidi ifutwe mgonjwa akiwa amesimama anasubiri.

Nikaizima ripoti. Mchana tukifunga dirisha kwa nusu saa, naiacha imewaka tu, siigusi. Siku ya tatu lebo za dawa zilitoka mfululizo, na bibi mmoja mteja wetu wa zamani akaniuliza leo nimekula nini hata nikawa mwepesi hivi.

Jumatano Bwana Saa akatukuta, mimi na mashine, tumekaa.

"Hii mbona imelala?"

"Haijalala, mkuu. Inafanya usafi wake ikipata nafasi."

Akaitazama, kisha akanigeukia. "Na wewe je?"

Alikuwa ananitania, nadhani, maana alienda zake akicheka. Lakini swali lake lilinichoma. Tangu tumzike Mama nimekuwa nikijiwashia ripoti zangu: zamu za ziada, bomba la jirani, baiskeli ya mwanangu ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Jioni ile nikachukua ufunguo. Nikafungua madirisha, nikafuta vumbi, nikakunja sweta zake. Chupa ilikuwa nyuma ya taa. Nikakaa kitandani, nikaimwaga kiganjani. Vidonge saba. Alianza kumeza tarehe mosi, akatutoka jioni ya tarehe ishirini na tatu. Nikahesabu tena, na tena. Mama hakuruka hata siku moja.

Nililia, dada yangu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wifi yako alikuja akakaa kando yangu, na nilimshukuru kwa hilo.

Msalimie shemeji, na umwambie deni la mchezo wa bao sijalisahau. Msalimie pia Shangazi mkubwa ukimpigia simu. Mwambie magoti yake tunayaulizia. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama.

Kitanda nimekutandikia. Chupa nimeirudisha nyuma ya taa na vidonge vyake saba, ili ukija uhesabu na wewe.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ambaye kila mchana, kwa nusu saa, hana kazi.