Kichwa Kilichobaki Chini ya Mama

Mogotio,
Jumapili jioni.

Mpendwa dada Jepleting,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba joto limepungua. Mimi sijambo. Ng'ombe wanakamuliwa, mahindi yameota. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kuyasema maneno haya.

Mvua za Aprili zilikata ukingo wa korongo nyuma ya boma letu, na kwenye lile jiwe jekundu la mchanga mifupa ikatokeza. Chifu aliwaarifu wataalamu, wakaja kutoka Nairobi: Daktari Wariara na fundi wake Okeyo. Walipiga mahema karibu na zizi. Daktari alinieleza kwamba ni mnyama wa jamii ya mijusi, mkubwa kama fahali, aliyekufa kando ya mto mamilioni ya miaka iliyopita, kabla bonde letu halijapasuka. Mchanga ulimfunika ukawa jiwe, naye akageuka jiwe humo ndani.

Wakachimbua mkia, mbavu, mabega. Kisha shingo ikaelekea chini ya kaburi la mama.

Daktari alisema hatagusa kitu bila ruhusa yetu. Baba mdogo Micah na wazee walikaa, wakakubali mama ahamishwe kwa maombi hadi upande wa juu wa shamba. Lakini neno la mwisho waliniachia mimi ninayeishi hapa. Kila asubuhi Daktari aliniuliza kwa upole, nami nikamjibu, "Bado nafikiria." Walingoja hadi kibali chao kikaisha. Wakafukia shimo, wakaenda bila kichwa cha mnyama wao.

Watu husema nilimheshimu mama. Dada, si kweli. Mama angecheka tu na kutuambia tumsogeze. Mimi nilijua nikitamka ndiyo au hapana, kazi itafika mwisho na mahema yatang'olewa. Tangu uliposafiri, hakuna aliyekunywa chai kwangu hadi wao walipokuja. Okeyo alikuwa akiimba akisonga ugali, na tulibishana kuhusu mpira hadi Daktari akatufukuza tukalale.

Jana Daktari alipiga simu. Hakutaja kaburi. Aliuliza, "Weldon, umekula?" Nikakata simu.

Naomba ukubali mama asogezwe, ili niwaite warudi. Safari hii nitasema ndiyo, hata kama wataondoka.

Baba mdogo anakusalimu sana, na kanisa lote linakuombea. Ubaki salama.

Ni mimi kaka yako,
Weldon