Wadudu wa Kijitoni

Garsen, Jumatatu

Ndugu yangu Godana,

Salamu nyingi kwako na kwa wote huko Ozi. Hapa mvua imenyesha kidogo na ng'ombe wangu wameanza kunona. Mimi sinyanyuki tena kitandani. Bintiyo Ifrah ananiuguza vizuri, na ndiye anayeniandikia barua hii, maana vidole vyangu havishiki kalamu.

Unakumbuka ukame ule, kijito chetu kilipobaki chembamba kama kamba? Uliniita nikipime, kwa kuwa nilisomea elimu ya viumbe. Nilichota tope kwa chujio la chai, nawe ukacheka kule ukingoni: "Haya Mwalimu, wadudu wako wanasemaje?"

Nikakujibu wamekufa wote, maji yana sumu. Nilidanganya. Chujio lilijaa watoto wa kereng'ende, wazima, na hao hawaishi penye sumu. Niliwamwaga kabla hujakaribia. Maji yasingetosha makundi mawili, nami nilitaka langu lipone.

Ukahamia Ozi, ambako bahari hupanda mtoni. Ng'ombe wako wakafa kwa maji ya chumvi, maziwa yakakatika, na mwanao Liban akafa kwa njaa. Hata hivyo kila Idi unanipigia simu kunishukuru kwamba nilikuokoa. Shukrani hizo zimenichosha.

Siombi msamaha. Nimetaka tu ujue kabla sijafa.

Kakako,
Mwalimu Hiribae

Baba, nimeandika yote kama Ami alivyosema, sikupunguza neno. Sasa anaomba maji. Nimemwambia yana sumu.

Ifrah